Mandazi Yanashika Mkia: Vitamu Tisa vya Kupika na Binti Mdogo

Msinirushie mwiko kabla hamjafika namba moja. Orodha hii haipimi utamu. Ingepima utamu, nusu ya Pwani ingeninunia na nusu nyingine ingedai imeibiwa kura. Kinachopimwa ni kimoja: mikono ya binti wa miaka mitatu hadi tisa inafanya kazi kiasi gani kabla ya mtu mzima kusema, "Sogea, utaungua!" Kitamu kinachomwacha mtoto mlangoni akichungulia kinapoteza alama. Kinachompaka unga mpaka kwenye nyusi kinapanda daraja.

Na tuelewane mapema: hapa hatumwandai mtoto kwa ajili ya mume wa kufikirika. Anapika kwa sababu kupika kunanoga na kwa sababu atakula. Kaka yake akitaka, anawe mikono aje.

Tunaanzia chini.

9. Mandazi

Najua. Keti, kunywa maji. Mahamri ya Mombasa yenye tui na iliki, yakikutana na mbaazi za nazi asubuhi, hayana mpinzani mezani. Lakini angalia mgawanyo wa kazi. Binti anakanda dakika tano. Unga unalala ukiumuka, na kusubiri kwa mtoto wa miaka minne ni adhabu. Anakata pembetatu zake kwa furaha, halafu mafuta yanapata moto na yeye anafukuzwa jikoni. Anafukuzwa lini? Sekunde ileile andazi linapoanza kuvimba na kujigeuza, yaani palepale penye raha yote.

Hukumu: utamu kumi, ushiriki mbili. Anayebisha aseme andazi la mwisho liligeuzwa na nani nyumbani kwake.

8. Kaimati

Mafuta ya mandazi, ongeza shira. Hatari mbili, sufuria mbili, mtoto mmoja. Lamu na Mombasa wanasema kaimati, Zanzibar kalimati, na ukivuka bahari mpaka Oman na Falme za Kiarabu utazikuta zinaitwa lugaimati, zikimiminiwa asali ya tende. Kote huko wanakubaliana jambo moja: kila ukoo una shangazi mmoja tu anayejua kuzidondosha mafutani zikatoka duara.

Hukumu: binti anyunyize ufuta juu. Shangazi asiguswe.

7. Kashata za nazi

Hapa wazee wa baraza wataamka. Watasema kashata ni ya kusindikizia kahawa chungu, kwa hiyo ni ya watu wazima. Hoja imepokelewa, imetupwa. Kinachoishusha kashata ni shira: sukari inayochemka inapita nyuzi 100, na ikidondokea mkono inang'ang'ania, haichuruziki kama maji. Mbuzi ya nazi nayo ina meno, mtoto haikalii.

Kinachoiokoa ni kisu butu. Nazi na sukari zikishashikana na kumwagwa kwenye sinia lililopakwa samli kidogo, subiri zipoe hadi uvuguvugu, kisha mkabidhi binti kazi ya kukata vipande vya pembe nne vilivyolala upande. Sinia ni la mviringo, vipande ni vya pembe, kwa hiyo kingo zinabaki. Sheria ya jikoni iwe wazi: anayekata anamiliki kingo.

Hukumu: tegemea kashata nyembamba na kingo nene sana.

6. Bisi

Huu ni ufundi wa mvuke. Kila punje ya mahindi ya bisi imehifadhi maji kidogo ndani, kama asilimia 14 ya uzito wake. Ganda gumu linaufungia mvuke mpaka joto lifike karibu nyuzi 180, kisha linasalimu amri na punje inajigeuza ndani nje. Mahindi ya kusaga unga wa ugali hayatakufanyia hivyo, kwa hiyo usiyasumbue.

Tumia sufuria yenye mfuniko wa kioo ili binti aone kila kitu. Kazi yake: kupima punje, kuhesabu milio hadi ashindwe, kutia chumvi. Chini ya miaka minne asipewe, bisi humpalia mtoto mdogo. Mpe kazi ya kupiga kelele kila inapolia.

Hukumu: onyesho zuri, mapishi kidogo. Na ndiyo, sukari juu ya bisi inaruhusiwa. Mwenye kinyongo atumie chumvi kimyakimya.

5. Ubuyu

Zanzibar, kaeni mkao wa kula. Mombasa, ninyi mnaoita mabuyu, kaeni pia, msisukumane.

Mtu mzima anachemsha maji, sukari, iliki na rangi mpaka viwe vizito na kunata kidogo, anaepua, kisha mbegu zenye unga wake zinaingia na mwiko unazunguka hadi kila moja ivae koti. Binti ana mamlaka makubwa mawili: kuchagua rangi, na kuamua pilipili. Mamlaka ya pili ndiyo yenye mvuto. Atasema anataka nyingi, ataonja, atanyamaza, machozi yatamlenga, kisha atasema iko sawa kabisa. Usimwondolee heshima hiyo.

Tunda lenyewe halihitaji kutetewa: unga wa ubuyu una vitamini C ya kutosha, na mti unaouzaa unaweza kuishi zaidi ya miaka elfu. Tatizo ni mbegu. Ubuyu ni kwa binti anayejua kumung'unya na kutema, siyo kwa mdogo wake anayemeza hata vifungo.

Hukumu: usipike mkesha wa siku ya sare nyeupe. Ulimi mwekundu hutoka, shati halitoki.

4. Vitumbua

Mchele umelala majini usiku kucha, asubuhi umesagwa na tui, hamira, sukari na iliki, uji mzito umeumuka, chuma kimepata moto. Binti wa miaka minane, mkono ukiwa umetulia na mtu mzima akiwa pembeni, anaweza kumimina. Matone ya mafuta kila shimo, siyo karai zima, na ndiyo maana kitumbua kinalipita andazi kwa mbali kwenye orodha hii.

Cha ajabu ni ndugu zake. Tamil Nadu wanapika paniyaram kwenye chuma chenye mashimo yaleyale. Wadenmaki nao wana æbleskiver, mviringo uleule, wa unga wa ngano, wanaougeuza kwa kijiti kwa namna ileile ya mama wa Tanga. Tofauti ni kwamba Wadenmaki huvila hasa Desemba kuelekea Krismasi, na sisi tunavila Jumanne tu, bila sababu.

Hukumu: Jumanne imeshinda.

Tupumue kidogo tuwataje waliobaki nje ya uwanja. Halua: inakorogwa kwa saa nyingi bila kupumzika, waachieni mafundi wa Zanzibar na Muscat. Gubiti: sukari ya moto ya kuvutwa kwa mikono, hapana. Karanga za mayai: mafuta tena, na karanga nzima si salama kwa wadogo. Rufaa zinapokelewa, ila mje na ushahidi wa kulika.

3. Barafu za kikombe

Sasa tumezima jiko. Maji ya ukwaju, juisi ya embe, tui lenye sukari na iliki, au unga wa ubuyu uliokorogwa: mimina kwenye vikombe vidogo, chomeka kijiti, tia kwenye friza. Zamani tulizifunga kwenye vifuko vya nailoni na kung'ata kona kwa meno. Kenya ikapiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania Bara ikafuata Juni 2019, na kikombe kikapata ajira.

Mwache binti agundue siri moja mwenyewe: sukari huzuia maji kuganda haraka. Atengeneze kikombe chenye sukari kidogo na kingine alichojaza hadi aridhike. Cha kwanza kitakuwa jiwe, cha pili kitabaki tope tamu. Atajifunza sayansi, na atapenda tope.

Ya tui ndiyo bora kuliko zote, na hapo sirudi nyuma hata hatua moja. Wa ukwaju mnakaribishwa kulalamika.

Hukumu: kazi yote ni ya mtoto. Adui ni mmoja, mgao wa umeme.

2. Tende zilizojazwa

Kwa karne nyingi majahazi kutoka Uarabuni yalishuka na upepo wa kaskazi yakiwa yamebeba tende, yakarudi na kusi yakiwa na boriti za mikoko. Safari yote hiyo, na sisi tunaila tende kavukavu tukisubiri futari! Tuiheshimu zaidi.

Binti anaipasua kwa vidole, anatoa kokwa, anajaza karanga zilizokaangwa na kusagwa, anaifunga, anaigaragaza kwenye nazi iliyokunwa na kukaushwa kwenye kikaango. Hakuna moto upande wake, hakuna kisu, hakuna kusubiri. Wa miaka mitatu anaweza. Wa miaka mitatu, tena, ana ujuzi ambao mtu mzima hana: haogopi kunata.

Sehemu tamu ya kazi hii ni upelelezi. Mkimaliza, hesabu kokwa kwenye kibakuli, kisha hesabu tende kwenye sahani. Tofauti ndiyo iliyoliwa wakati wa kazi. Mtuhumiwa atakuwa na nazi kidevuni.

Hukumu: ingekuwa bingwa, kama isingekutana na hiki kifuatacho.

1. Vipopo

Ngoma iko hapa. Unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kidogo, maji ya moto. Mtu mzima anaanza na mwiko, donge likipoa linahamia kwa binti mwenyewe. Anakanda. Anakata. Anaviringisha kati ya viganja vidonge vya ukubwa wa punje ya mbaazi, au vijiti vyembamba vya urefu wa kidole chake cha mwisho. Anaharibu, anakusanya, anaanza upya, na hakuna kilichopotea. Nusu saa nzima hakuna anayemwambia asogee.

Kisha tui la pili linachemka na sukari na iliki, mtu mzima anavitumbukiza, na unga uliovigandama unalifanya tui liwe zito lenyewe. Vikishaiva hadi ndani, kasimile, lile tui zito la kwanza, linaingia mwishoni, moto mdogo, mkono usiache kukoroga, tui lisije likakatika. Hapo binti atajua kwa nini uliomba vilingane: kile kinene alichokisihi kibaki ndicho chenye unga mbichi katikati. Hakuna mhadhara unaofundisha vizuri hivyo.

Na bakulini kila mmoja ana cha kwake. Patakuwa na kipopo kimoja chenye umbo la mamba, na ole wako ukile bila ruhusa.

Watu wa unga wa mchele, nawasikia mkija mbio. Mnayo hoja: vipopo vya mchele hutoka vyeupe zaidi na laini zaidi. Lakini donge la mchele hupasuka mkononi mwa mtoto wa miaka mitatu, na la ngano huvumilia kubanwa, kuvutwa mkia na kusahauliwa chini ya kiti. Leteni bakuli lenu, liwe limeviringishwa na mtoto na siyo na bibi yake, nionje. Mpaka siku hiyo ngano inabaki juu.