Stelingi Kauawa na Sindano

Sheria ya kwanza ya picha za ngumi, kwa mujibu wa mjomba wangu, ni kwamba stelingi hafi. Anaweza kupigwa mpaka avimbe uso, akauliwa mwalimu wake, akafukuzwa mjini, lakini hafi. Mjomba aliipata sheria hiyo Dar es Salaam ya miaka ya sabini, kwenye majumba ya sinema kama Empire na Avalon, enzi ambazo vijana walitoka ukumbini wakiipiga hewa mateke mpaka kituo cha basi. Ukimkumbusha kwamba Bruce Lee mwenyewe aliivunja katika Fist of Fury ya mwaka 1972, pale anapowarukia wenye bunduki na risasi zikalia, anakujibu kwa utulivu wa wakili: "Ulimwona akianguka? Picha ilisimama yeye yuko hewani. Hakufa."

Huyo ndiye mtu niliyemwekea Crouching Tiger, Hidden Dragon.

Filamu yenyewe ina sifa zake. Aliiongoza Ang Lee, ilitoka mwaka 2000, ikazoa Oscar 4. Lakini nakala yetu ilikuwa ya Kichina yenye maandishi ya Kiingereza chini, kwa hiyo kazi ya kutafsiri ikaniangukia mimi. Mjomba amemzoea Lufufu, yule bingwa wa kuzitafsiri picha za nje kwa Kiswahili, ambaye mtu akikohoa kwenye picha yeye humtungia hotuba. Mimi nilikuwa nasoma tu yaliyoandikwa. "Mjomba, tia chumvi," akaniamuru. Nikatia. Karibu robo saa ikapita watu wanaongea na kunywa chai, hakuna hata kofi, na chumvi ikaniishia.

Kinachonifariji ni kwamba huko China nako wapo walioguna. Chow Yun-fat, stelingi wa filamu, ni mtu wa Hong Kong, na mwenzake Michelle Yeoh ni Mmalaysia aliyekariri maneno ya Kimandarini kwa kuyasikiliza. Lafudhi zao zikachekwa. Kwetu ingekuwa kama filamu ya Pemba ambayo waigizaji wote wamekulia Mwanza. Mjomba hakusikia lafudhi yoyote, ila kwenye lalamiko la pili aliungana na Wachina hao moja kwa moja: maneno mengi, ngumi chache.

Hatimaye mwizi aliyeficha uso akaiba upanga usiku, ngoma za Tan Dun zikaanza kudunda, na watu wakapaa juu ya mapaa. Nilimtazama Mjomba kwa jicho la pembeni nikingoja acheke. Hakucheka. Swali lake lilikuwa jingine: "Kama wanaweza kupaa, wale farasi wa nini?"

Sikuwa na jibu, na sikulitaka. Kuhusu kupaa mimi niko upande wa filamu. Pale kwenye mianzi ya Anji, mkoani Zhejiang, waigizaji walining'inizwa kweli kwa nyaya, kwa mipango ya Yuen Woo-ping, fundi wa mapigano, kisha nyaya zikafutwa kwa kompyuta. Chow Yun-fat anasimama kwenye ncha ya mwanzi, mwanzi unainama, Zhang Ziyi anayumba na upanga wake, na kijani kimejaa kioo kizima. Nilisahau kuwa nina kazi ya kutafsiri.

Kilichonichosha ni mengine. Mjomba alikwenda kuswali Isha akatuacha Beijing, aliporudi akatukuta jangwani. "Mmebadilisha picha?" Nikamweleza kwamba yule binti mwizi wa upanga, Zhang Ziyi, anakumbuka jinsi jambazi alivyompora kitana, akamkimbiza jangwa zima kukidai. "Kitana?" akauliza. Mama akamwambia anyamaze, sasa ndiyo inanoga.

Halafu huyo Li Mu Bai wa Chow Yun-fat. Mtu anakanyaga maji bila kuzama, lakini hathubutu kumwambia Shu Lien, yaani Michelle Yeoh, kwamba anampenda, eti kwa heshima ya marehemu mchumba wa mwanamke huyo, aliyekuwa ndugu wa kuapizana wa Li Mu Bai. Miaka inapita, wanatazamana. Mama alikuwa anafuta machozi. Mimi nilitamani kuingia kwenye televisheni nimpelekee posa kwa niaba yake.

Kisha ikaja sindano. Adui yake, Jade Fox, anazirusha nyingi, stelingi anazipangua, moja inamwingia shingoni, ina sumu. Binti anapanda farasi kwenda kutengeneza dawa. Farasi yuko mbioni, Li Mu Bai anahesabu pumzi, na hapo hapo luku ikaisha.

Nilikuwa sijawahi kumwona Mjomba akinunua umeme nyumbani kwetu. Usiku ule alitoa simu yake mwenyewe, akanunua, akasimama chini ya mita na tochi akinisomea namba zote 20. Tukakosea, tukaanza upya. "Atawahi," alikuwa anasema gizani. "Farasi wa kule wana mbio." Mama aliuliza kama mgonjwa anaweza kuvumilia mpaka umeme urudi. Hakuna aliyemcheka.

Umeme ukarudi. Li Mu Bai akatumia pumzi ya mwisho kumwambia Shu Lien yale ambayo angepaswa kumwambia tangu mwanzo, akafa. Dawa ikafika baadaye.

Mjomba alikaa kimya, kisha akasema: "Yaani nimenunua umeme wa kumzikia mtu."

Binti alipojirusha kutoka mlima Wudang akaelea kwenye mawingu, Mama alisema amekufa. Mjomba, kwa sheria ile ile ya 1972, alisema hakuna aliyemwona akifika chini. Mimi naona filamu ni nzuri kuliko nilivyotaka iwe, na ingekuwa nzuri zaidi bila kile kitana.

Sasa Mjomba anaulizia sehemu ya pili. Ipo, ilitoka mwaka 2016, kaiongoza Yuen Woo-ping, na Michelle Yeoh yumo. Li Mu Bai hayumo. Kama na wewe una mjomba wa aina hii, mwambie kabla hajanunua umeme.