Kijiko Kimoja

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Waje wamwambie shoga yangu wa Bagamoyo, mji wenye mashamba yake ya chumvi pale Nunge.

Kaacha krispi, eti sasa anakula vya asili. Jana nimemkuta soko la samaki, karibu na forodha ya Wajerumani, na muhogo wa kuchoma mkononi. Muuzaji kaupasua, kakamulia ndimu, kapaka chumvi ya pilipili.

"Kaka, huku haijafika."

Ikaongezwa. Likafuata embe bichi, nalo likachovywa. Nikamtajia korosho zisizotiwa chumvi. Akaniangalia kama nimemtukania mama.

"Hizo si za wagonjwa?"

Na vidonge vya presha vimo mkobani. Nimeviona.