Nyota za Michelin kwa Malewa ya Fungurume

Wajapani wana bahati. Ukitaka kujua rameni, zile tambi zao za mchuzi, ni tamu kwa nani pale Tokyo, Wafaransa watakuambia: mwishoni mwa 2015 mwongozo wa Michelin uliipa nyota Tsuta, kijumba cha viti tisa, na ikawa mara ya kwanza kwa rameni kupata heshima hiyo. Na Michelin ni watengeneza matairi! Walianza kutoa mwongozo wao mwaka 1900, watu wasafiri, matairi yaishe.

Basi na sisi wa teritwari ya Lubudi tuanzie kwenye matairi. Simama Fungurume, barabara ya Likasi na Kolwezi, uhesabu yaliyoegeshwa mbele ya malewa, vile vibanda vya akina mama wauza chakula. Kila matairi 18, nyota moja. Ila chungulia kwanza chini ya lori: ukiona miguu ya boyi-shofa imetokeza, futa nyota. Shofere aliyevunjikiwa ekseli hula chochote. (Lubudi mjini, kwenye reli, kanuni hii haifai. Treni haina matairi, na ikisimama hakuna ajuaye imesimamia nini.)

Ukishakaa, usiulize bei. Bei haisemi kitu. Unga wa mahindi ukichelewa Kasumbalesa kutoka Zambia, mama hapandishi bei, ana haya. Anapunguza bonge la bukari na kuzidisha unga wa muhogo. Kwa hiyo bonyeza kwa kidole gumba. Bonge likibonyea na kutulia, mahindi yapo. Likikufuata kidole mpaka mdomoni na kurudi nacho sahanini, jua mpakani hakupitiki. Shofere wa Tanzania aliye pembeni yako, aliyezoea ugali wa mahindi matupu, atanung'unika kwamba amepewa mpira. Msikilize. Kwa mpira yeye ni mtaalamu.

Samaki thomson amevuliwa bahari ya Namibia, akaja ndani ya barafu akivuka mipaka ambayo wewe hujawahi kuiona.

"Mama, huyu ni wa leo?"

"Wa leo, papa. Ameshuka kwenye gari asubuhi."

Hakuna uongo hapo. Chagua kichwa: bei yake nafuu, na mifupa inakupa muda wa kukagua sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga. Ukikuta jani unaloweza kulitambua, mchi ulichoka mapema.

Mtihani mkubwa ni matabishi. Omba mboga kidogo ya juu. Akikumiminia huku anaongea na mwingine, nyota mbili. Akikuuliza kwanza habari ya deni la juzi, maliza kimya.

Nyota tatu sijampa mtu. Mama mmoja alikaribia, siku aliyoniwekea bonge la pili bila kuombwa. Kumbe alidhani mimi ndiye shofere wa lile lori la nje. Nilikula haraka, mwenyewe asije akaingia.