Shokapu ya Mbele Kushoto

Nyumbani kwangu Tabata kuna magari mawili. La kwanza lina miaka kumi na tisa, limepita barabara zote za Dar es Salaam zenye lami na zile zilizoahidiwa lami, na shokapu zake nimebadilisha mara mbili tu. La pili halifiki hata magotini, urefu wake ni rula mbili za shule zikiunganishwa, linaendeshwa kwa rimoti, na shokapu zake nimebadilisha mara saba tangu Idi ya mwaka jana. Sasa niambieni, gari la kuchezea ni lipi hapo?

Aliyenitia kwenye balaa hili ni shemeji yangu anayefanya kazi Muscat. Alikuja likizo akambebea mwanangu pikapu ya kipimo cha 1/10, maana yake ukiichukua pikapu ya kweli ukaipunguza mara kumi, unapata hii. Ina matairi makubwa yenye meno, mota isiyo na kaboni, betri ya kuchaji na shokapu nne za kweli, zenye oili ndani. Shemeji alisimama uani, akalipitisha kwa kasi juu ya lundo la mchanga wa ujenzi, likaruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto, likatua, likaendelea na safari. "Hili chuma, shemeji," akaniambia. Halikuwa chuma. Lilikuwa plastiki, na wiki iliyofuata mwenyewe alipanda ndege akaniachia.

Mambo yalianza kidogo kidogo. Kichwa cha chini cha shokapu ya mbele kushoto kilichomoka kwenye goroli lake. Nikakirudisha kwa plaizi, nikajiona fundi. Siku tatu baadaye kofia ya juu ya shokapu ileile ikafyatuka, oili ikamwagikia mkeka ambao mama watoto aliletewa kutoka Pemba. Mkeka nikausugua mpaka ukaanza kufumuka, doa likabaki. Kofia nikaigundisha kwa supagluu. Gluu ikakamata vidole vyangu barabara, kofia ikaiacha.

Hapo nikafanya kosa la kila mwanaume mwenye bisibisi: nikaamua kuimarisha. Nikaagiza kofia za aluminiamu. Kofia hazikufyatuka tena. Ukavunjika mkono wa chini, ule unaoshika gurudumu. Nikaagiza mkono mnene zaidi. Mkono ukakaa, ukavunjika mnara, kile kibao cha mbele ambacho shokapu mbili hufungwa juu yake. Nikaagiza mnara wa aluminiamu. Mnara ukasimama imara kama minazi ya Mafia, na nondo ya shokapu ikapinda kama ndoana. Kishindo cha kutua hakipotei, ndugu zangu. Ukikifungia mlango wako, kinakwenda kupiga hodi kwa jirani. Ile kofia ya plastiki niliyoitukana asubuhi na jioni ilikuwa ni fyuzi: inakufa yenyewe wengine wapone, na bei yake haizidi soda mbili.

Nikiwa katika hali hiyo ya kuomba ushauri kwa yeyote anayepita, muuza spea mmoja wa Kariakoo akaniambia mikono ya nailoni ikikauka hukatika kama biskuti, nikaichemshe. Nilidhani ananichezea. Kumbe ni kweli: nailoni hunywa maji, na ikinywa ya kutosha hupata ulaini, ikawa inapinda badala ya kupasuka. Nikaitia jikoni saa nzima. Mama watoto akafunua sufuria akitegemea chai, akakuta mikono minne inachemka. "Baba watoto," akaniuliza kwa ile sauti ya upole ambayo ndiyo mbaya, "hii tunakula na nini?"

Nikalipakata gari langu kwenda kwa fundi pikipiki wa mtaani. Kwanza alicheka. Kisha akawaita wenzake wakaja kucheka nao. Walipomaliza, akaliweka juu ya benchi, akalikandamiza kwa kiganja. Likashuka likagonga tumbo, tok, likafyatuka juu kama chura.

"Bosi, hapa springi inacheza peke yake. Oili imekwisha."

Akanieleza jambo ambalo miaka yote nimeendesha gari bila kulijua. Springi kazi yake ni kubeba, lakini springi ni mwehu: ukiibonyeza, inakurudishia kila ulichoipa. Oili ndiyo inayoituliza. Ndani ya shokapu kuna pistoni yenye vitundu vidogo, na gari likidondoka, oili inalazimika kupenya kwenye vitundu hivyo. Tabu hiyo ya kupenya ndiyo inayokula kishindo. Oili ikiisha, kishindo chote kinahamia kwenye plastiki. Akasema ni ugonjwa uleule wa bodaboda zinazovuja sili za mbele, na kwamba yeye huutibu kila siku.

Basi akautibu. Akanijazia oili ya pikipiki, gari likawa linapanda na kushuka kwa staha kama bwana harusi anayeingia ukumbini. Staha ilidumu wiki moja. Kisha likaanza kuvuja pande zote nne. Zile sili ndogo za duara zilikuwa za mpira wa silikoni, na mpira wa silikoni ukikutana na oili itokanayo na petroli huvimba. Fundi hakulijua hilo, mimi ndiyo kabisa. Tukabadilisha sili, tukasubiri chupa ya oili ya silikoni itoke Muscat: namba 40, nzito kidogo kuliko ile namba 30 iliyokuja na gari. Ilipofika, fundi akajaza, akawa anapandisha na kushusha pistoni taratibu mpaka mapovu yote yakatoka, kwa sababu hewa ikibaki ndani pistoni hukutana na hewa, na hewa haitulizi kitu. Aliifanya kazi hiyo kwa subira ya mtu anayemlisha mgonjwa uji. Akanitoza elfu tano pamoja na kicheko.

Siku ya nne ikavunjika. Shokapu ya mbele kushoto.

Hapo ndipo alipoingilia kati mpwa wangu, kijana wa kidato cha nne aliyekuja kwetu kusoma tuisheni. Akaja na daftari.

"Mjomba, gari lina kilo ngapi?"

"Mbili na nusu."

"Linaruka juu kiasi gani?"

"Kama mita moja hivi."

"Na shokapu inabonyea sentimita ngapi?"

"Tatu, nazo kwa shida."

Akaandika, akafuta, akaandika tena. "Likianguka kutoka mita 1, likasimamishwa ndani ya sentimita 3, nguvu inayolisimamisha kwa wastani ni kama mara 34 ya uzito wake. Inakuja kama kilo 85."

Nikanyamaza. Kilo 85 ni mimi. Yaani kila likitua ni kama nimelikalia mwenyewe, na koti.

"Hapo ni likitua kwa magurudumu yote manne," akaendelea bila huruma. "Likitua kwa pua, mzigo wote unazikuta shokapu mbili za mbele. Au moja." Akachukua kopo langu la majarini ninamohifadhi majeruhi, akavipanga vipande sakafuni. Vyote vya mbele. Karibu vyote vya kushoto. Akainua macho. "Mjomba, nani anafunga breki gari likiwa hewani?"

Kumbe hewani nako kuna udereva. Gari likiwa limeruka, ukiongeza moto, magurudumu yanazunguka kwa kasi zaidi na pua inainuka. Ukifunga breki, yanasimama ghafla na pua inashuka kama nyundo. Sasa mwanangu ana miaka tisa. Huyo hajawahi kufunga breki ya kitu chochote tangu azaliwe. Anayefunga breki ni mtu mwenye leseni, mtu aliyelelewa na matuta ya Tabata, ambaye kwake kila tuta ni la kupunguzia mwendo na akiona tairi limeachana na ardhi roho inamwambia punguza, punguza. Mtu huyo huamka saa kumi na moja alfajiri kabla mwenye gari hajaamka, akaegemeza ubao wa kitanda kwenye ndoo, na kurusha gari gizani huku amevaa kikoi. Ubao wenyewe umepinda, unamwaga upande wa kushoto.

Miezi yote hii nimelaumu plastiki. Nimemlaumu muuza spea, fundi, shemeji na viwanda vya nchi za mbali. Mara mbili nimemfokea mtoto asiye na hatia, akanitazama tu, kwa sababu alikuwa akiliona gari lake likivunjika usiku kwa miujiza. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mimi nilikosa shokapu, nikasingizia dunia nzima.

Tiba yenyewe haikuwa na makuu. Kofia za plastiki zimerudi, mnara wa plastiki umerudi, na kuna mfuko wa akiba wa hizo hizo, za bei ya soda. Aluminiamu imestaafu, iko kwenye kopo. Oili ni ya silikoni, namba 40, na kila wiki nalikandamiza gari kwa kiganja; likigonga tok, najua imepungua. Ubao nimeutafutia tofali la kushoto. Na mwanangu ananifundisha kuendesha. Gari likipaa tu, anapiga kelele, "Baba, achia kidole! Achia!" Naachia. Ni vigumu kuliko mtihani wa leseni, lakini leo ni wiki ya sita na hakijavunjika kitu, ukiacha chungu cha maua cha jirani.

Lile gari langu kubwa, kwa taarifa yenu, limeanza kuvuja shokapu. Ya mbele kushoto. Fundi amenitajia bei, nikatafuta kiti.

Kwa hiyo wewe msomaji uliyejaliwa shemeji Muscat, akikupigia simu kuuliza safari hii akuletee nini, usijifanye mjanja wa kisasa. Sema halua. Halua haina shokapu.