Boloni Imelika Kona: Njia Tisa za Kuitoa Tumboni mwa Hiace

Luofu, kusini mwa Lubero, gari likilala hulala na watu wake. Hiace ikikataa kutoka asubuhi ya soko, maharage yanabaki kwenye magunia, mama wa ndizi anaketi juu ya mzigo wake, na konvoyeri anaanza kurudisha nauli huku uso umemshuka. Ukiuliza kulikoni, unaambiwa mkanda wa alternateri umelegea. Kuukaza ni kazi ndogo sana. Shida ni boloni ya kuukazia: imelika kona zote sita, imebaki mviringo, na kila kle inayoletwa inateleza juu yake.

Ongeza hapo kwamba moteri ya Hiace imefichwa chini ya viti vya mbele. Unainua kiti, unafunua kifuniko, unachungulia shimo la waya, mipira na joto. Mkono unaingia. Kle inaingia. Vyote viwili kwa pamoja, hapo ndipo ugomvi.

Na huku kwetu kuharibu kipuri si jambo la kuchezea. Vipuri vingi huingilia Kasindi, vikapita Beni na Butembo, kisha vikateremka barabara ya Lubero. Tangu vita vilipofika Kanyabayonga na Kirumba mwishoni mwa Juni 2024, barabara hiyo haina ahadi. Kwa hiyo anayetoa boloni moja bila kuvunja kitu cha pili anastahili heshima. Njia ni tisa. Nazipanga kuanzia ninayoiogopa hadi ninayoiapia.

9. Bomba kwenye mkia wa kle

Kila soko lina mwanaume mmoja mwenye bomba. Hajaitwa, lakini amefika: "Fundi, sogea nikusaidie." Boloni yenye unene wa milimita 8 hukazwa kwa nyutoni-mita kama 25 hivi. Mtu akiegemeza uzito wa kilo 30 kwenye ncha ya bomba la mita moja, anaipa karibu 300. Hapo kona zilizosalia zitasagika, au kichwa kitakatika na kiwiliwili kibaki ndani. Mwambie kwa upole: "Aksanti sana, papa. Bomba hilo lirudishe kwenye maji."

8. Keekee na kitoaboloni

Kwenye meza ya garaji, njia hii ni nzuri. Unatoboa boloni katikati kabisa, unaanza na ncha ya milimita 3, kisha unaingiza chuma chenye hesi za kinyume ambacho hujikaza kadiri unavyolegeza. Ndani ya Hiace, keekee yenyewe ni ndefu kuliko nafasi iliyopo. Utatoboa upande, na tundu la upande linakula hesi za kibebeo cha alternateri.

Kuna hatari ya pili. Kile chuma cha kutolea ni kigumu sana na hakipindi. Kikikatika ndani ya tundu, ncha ya kawaida ya keekee haitakikwaruza hata kidogo. Ulikuwa na tatizo la saa moja, sasa una tatizo la wiki. Njia hii iwekee siku ambayo kichwa kimeshakatika na huna ujanja mwingine. Ukilazimika kutoboa boloni yote ya milimita 8 na kukata hesi upya, ncha ya mwisho ni ya milimita 6.8. Usiende mbali zaidi, maana hesi mpya hazitakuwa na pa kushika.

7. Tindo na nyundo

Wazee wa chuma wanaipenda, na wana sababu. Unakata mkato mdogo kwenye ukingo wa kichwa, unaegemeza tindo kwenye mkato huo kwa mshazari, unagonga. Mshindo wa ghafla huvunja kutu ambayo msukumo wa polepole umeshindwa kuivunja. Lakini nyundo inayobembea sentimita kumi haina cha kuiambia boloni. Tena kibebeo kikiwa cha alumini, pigo moja lililokwenda kando linakitia ufa.

Kabla hujagonga, hakiki upande. Boloni ya kawaida hulegea kinyume cha mshale wa saa, ukiitazama kutoka upande wa kichwa chake. Aliyelala chali chini ya gari na kuitazama kutoka nyuma huona kinyume. Boloni ngapi zimelika kona huku fundi, kwa bidii zote, anazikaza!

6. Tupa

Hii ndiyo njia ya mwenye subira. Kichwa cha boloni kilikuwa cha 12. Unakula milimita moja upande huu, milimita moja upande wa pili, unapata mbavu mbili bapa zinazotazamana, na kle ya 10 inaingia kama imezaliwa nayo. Tupa nzima haitapita, basi tumia kipande kilichovunjika au ubapa wa msumeno wa chuma, umefungwa kitambaa upande wa kushikia. Weka kitambaa kingine chini ili unga wa chuma usidondokee kwenye alternateri.

Shofere atalalamika kwamba inachukua muda. Mjibu tu: tupa haina haraka, na boloni haina pa kukimbilia.

5. Pensi-eto

Koleo hili linalojifunga lenyewe tunadaiwa na mhunzi mmoja kutoka Denmark, William Petersen, aliyehamia De Witt, kijiji cha Nebraska, Marekani. Hataza ya kwanza aliipata mwaka 1921, na mwaka 1924 akaliongezea mtambo wa kufunga meno yasiachie. Karibu miaka mia moja baadaye, hakuna garaji ya maana barabarani kwetu isiyokuwa nalo.

Siri yake iko kwenye skrubu ya mkiani. Wengi hulifunga kwa ulaini, likateleza, wakalilaumu. Kaza skrubu hadi mpini usitake kufunga, kisha ufunge kwa nguvu ya kiganja chote. Usipoumia kidogo, bado hujafunga. Meno yashike kichwa kutoka ubavuni, yaizunguke boloni. Usiyashikishe kwa ncha. Likiteleza mara moja, simama hapo hapo. Mtelezo wa pili unageuza kichwa kuwa marumaru.

4. Soketi ndogo inayopigiliwa

Hapa tuseme ukweli kuhusu nani aliyekula kona. Gari za Japani hutumia vichwa vya 10, 12, 14 na 17. Visanduku vingi vya kle vilivyopangwa kwa gari za Ulaya vina 13, na ile ya 12 ndiyo ya kwanza kupotea. Fundi anachukua 13. "Ni milimita moja tu." Milimita hiyo hiyo ndiyo iliyokula. Halafu soketi zenye kona kumi na mbili ndani hushika boloni kwenye ncha za kona peke yake. Zenye kona sita hukumbatia mbavu, na mbavu haziliki upesi.

Dawa ni kuchukua soketi ya 11 yenye kona sita na kuipigilia juu ya kile kichwa cha 12 kilichochakaa. Ichomeke kwenye fimbo ya kuongezea urefu, ili nyundo igonge nje ya shimo na nguvu ifike ndani. Itakata kona mpya yenyewe. Ikizama hadi mwisho, vuta taratibu bila kustua. Soketi ya 11 haina kazi nyingi kwenye Toyota. Leo ni siku yake.

3. Mafuta, usiku mmoja, moto na mshumaa

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana hujibana kwenye hesi na kukataa kutoka. Mafuta ya kupenya ya dukani yakipatikana, vizuri. Yasipopatikana, changanya nusu ya mafuta ya giaboksi ya otomatiki na nusu ya asetoni. Mazutu peke yake hufanya kazi polepole, ila ni bora kuliko boloni kavu. Paka, gonga kichwa vipigo vidogo vidogo, paka tena, kalale. Wanaopaka na kuvuta papo hapo wanalowesha tu mikono yao.

Asubuhi ukiona bado, futa mafuta yote yakauke, kisha leta moto. Usiuchome mwili wa boloni. Upashe moto kibebeo kinachoishika, kwa sababu alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma cha kawaida kwa joto lile lile. Tundu linatanuka, boloni inabaki nyuma. Ikiwa bado ina joto, gusisha mshumaa kwenye shingo yake. Nta inayeyuka, unaiona inang'aa kidogo, kisha inapotea: imenyonywa ndani ya hesi.

Ila hapa hakuna mzaha. Chini ya kile kiti hupita mipira ya esansi au mazutu. Toa waya wa hasi wa batri kwanza, funika mipira kwa kitambaa kibichi, weka ndoo ya mchanga karibu, na abiria wasogee mbali. Mahali pasipoonekana vizuri hapastahili moto. Rudi namba nne.

2. Nati mpya ya kulehemu

Mtafute yule kijana anayechomelea milango na madirisha. Unaweka nati juu ya kichwa kilicholika, yeye anajaza chuma katikati ya nati hadi vishikane. Kwa mpigo mmoja umepata mambo mawili: kona sita mpya kabisa, na joto lililoingia moja kwa moja kwenye boloni. Ngoja wekundu uishe. Ikaze kidogo sana kwanza, ili kutu ivunjike, halafu ilegeze. Boloni iliyoshinda soko zima mara nyingi hutoka hapa bila neno.

Masharti mawili tu. Batri itenganishwe na waya za alternateri zifunguliwe, kwa maana umeme wa kulehemu huua diodi zake. Na waya wa ardhi wa mashine ushikishwe karibu kabisa na boloni. Fundi wa milango hajui hayo, na si kosa lake. Mlango hauna diodi.

1. Fungua nafasi

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Njia zote nilizozitaja zinafaa pale tu kle inaposimama wima juu ya boloni, na kle haisimami wima mahali ambapo kiganja hakigeuki. Kutu inalaumiwa bure. Kona nyingi huliwa na kle iliyoingia kwa mshazari, kwa kuwa fundi alikatazwa kufungua vingine.

"Fundi, ni boloni moja tu, mbona unatoa kiti?"

"Papa, nikitoa kiti nitatoa na boloni. Nikiacha kiti, boloni nayo itabaki."

Basi toa kiti chote, usikiinue tu. Toa mpira wa kupitishia hewa. Toa batri kama inaziba. Mara nyingi njia fupi iko chini: inua gari, toa gurudumu la mbele, na ghafla boloni iliyojificha iko usoni pako. Jeki peke yake usiiamini hata kidogo, ulaze gogo nene chini ya chasi kabla ya kuingiza kichwa. Kioo kidogo cha kunyolea na tochi vitakuonyesha kile ambacho vidole vinabahatisha.

Sasa tazama kwa karibu. Kichwa kimejaa mchanganyiko wa mafuta na vumbi jekundu, umekauka kama ngozi. Ukwangue kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, na kwenye pembe za ndani tumia msumari. Mara nyingi utagundua kona mbili au tatu bado ziko hai, zimefunikwa na uchafu tu. Soketi iliyokuwa inaelea milimita mbili juu sasa inazama hadi sakafuni. Gusa kwa kidole, usisikie mwanya. Vuta. Utasikia mlio mkali, mfupi, na anayeujua mlio huo ameshaanza kutabasamu.

Mambo yenyewe hayo. Boloni iliyolika ikitoka, usiirudishe hata kama shofere anakusihi. Weka mpya ya kipimo kile kile, pakaza grisi kidogo kwenye hesi, ikaze kwa kle fupi ya 12 yenye kona sita, bila bomba. Mwenye gari, nawe mlipe fundi muda wa kutoa kiti na kukirudisha. Ni pesa kidogo kuliko kibebeo cha alternateri kutoka Butembo, na abiria wako watafika na maharage yao siku ile ile.