Namna ya Kutokelezea Kijeshi Bila Kuishia Kituoni

Kijana wa Rusimbi, hapa Kigoma, nakujua. Gwaride likipigwa Uwanja wa Lake Tanganyika unatoka mbio kwenda kushuhudia, na jioni unarudi kifua mbele kana kwamba umepandishwa cheo njiani. Sikulaumu. Sare ya sherehe ya askari ikishonwa ikakaa, hakuna suti ya harusi inayoifikia. Nimekuandikia mwongozo huu uipende kwa adabu, kisha uvae ya kwako.

Anza kwa kuvua. Kofia ya mabakamabaka uliyoipata mnadani na ile suruali ya kombati unayoendea Kibirizi, zote zitoke mwilini. Agosti 2023 JWTZ iliwapa raia siku 7 wasalimishe sare za jeshi na mavazi yanayofanana nazo, na siku hizo zimekwisha zamani. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, nayo haimruhusu raia kujivika sare ya askari. Ukimwambia afande kwamba hiyo ni fasheni tu, atakusikiliza vizuri huku mkielekea kituoni.

Sheria hii naiunga mkono kwa moyo wote, na sisi watu wa mwambao huu wa Ziwa Tanganyika tuna sababu kuliko wengine. Tumepokea watu wengi waliovuka ziwa na mpaka wakiwakimbia wanaume wenye kombati, kutoka Burundi na kutoka Kongo. Mama aliyekimbia hivyo kutoka Uvira, Kongo, akikuona unachomoza kichochoroni jioni na mabaka yako, hawezi kujua kwamba umetumwa dagaa. Usimtie hofu mtu aliyekwisha kuogopa vya kutosha.

Ukishavua, jifunze kusoma mabega. Nyota moja ni Luteni Usu, mbili ni Luteni, tatu ni Kapteni. Kwenye mkono, V mbili ni Koplo na tatu ni Sajini. Ukichanganyikiwa sema "afande" kwa wote, hutakosea. Tazama pia bereti. Ikiwa mpya hutandazika kichwani kama chapati, ndiyo maana askari huiloweka, huivaa ikiwa mbichi na kuivuta upande wa kulia, nembo ikae juu ya jicho la kushoto, mpaka ikauke na kushika umbo la kichwa chake. Kofia inayokaa vile ina kazi ya mikono ndani yake.

Rangi nazo zina historia, na sehemu yake imepita hapa hapa ziwani. Askari wa Mjerumani walivaa kaki, hata tarabushi zao zilifunikwa kitambaa cha kaki chenye nembo ya tai. Force Publique ya Wabelgiji ilianza na sare za buluu, fezi nyekundu na mshipi mwekundu kiunoni. Vita Kuu ya Kwanza ikawavua rangi hizo, kwa kuwa mtu mwekundu porini ni shabaha, na wanajeshi wa Wabelgiji walipoingia Kigoma Julai 1916 enzi ya buluu ilikuwa inakwisha. Tangu hapo majeshi mengi ya dunia yamegawa kabati mara mbili: kaki, kijani na mabaka kwa kazi, nyekundu, nyeupe na buluu kwa gwaride.

Ng'ambo ya pili, Lukuga, ambako leo ni Kalemie, yupo aliyevaa alivyojisikia. Geoffrey Spicer-Simson, kamanda wa Kiingereza aliyeleta boti Mimi na Toutou ziwani mwaka 1915, alitinga sketi ya kaki aliyoibuni mwenyewe. Waholoholo wakambatiza Bwana Chifungatumbo. Disemba 26 mwaka huo aliiteka meli ya Wajerumani, Kingani. Kwa hiyo sketi haimzuii mtu kushinda, lakini jina atakalopewa hachagui yeye.

Sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kama roho yako inataka vifungo vya shaba na vyeo, rudi kwenye Beni. Ngoma hiyo ilizuka pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza askari wakaieneza bara Tanganyika. Wazee wetu walijigawa makundi mawili, Marini na Arinoti, wakashona sare zao, wakapeana ujenerali na hata ufalme, wakapiga gwaride na kushindana kwa unadhifu. Sare ile haikuwa ya serikali yoyote, na maofisa wa kikoloni waliitazama kwa wasiwasi. Cheo ulipewa na wenzako, nao hao hao walikutunza ukiugua na kukuzika ukifa. Naiona ni moja ya kazi nzuri kabisa za ushonaji na za ujirani katika historia yetu, na inanisikitisha kwamba vijana wengi hawajaisikia hata jina.

Basi kusanyeni kikundi mtaani. Nendeni soko la Mwanga, chagueni kitambaa cha rangi moja isiyotumiwa na jeshi, polisi, magereza wala mgambo. Mpelekeeni fundi cherehani mmoja tu, maana mafundi watatu watawapa kola tatu. Lowekeni nguo kwenye maji ya wanga, zianikeni, zipigeni pasi ya mkaa zikiwa bado na unyevu kidogo, na mkunjo wa suruali ushuke mstari mmoja hadi kwenye kiatu. Mkunjo ukiwa miwili, mrudishieni aliyepiga pasi.

Na kama babu yako alikwenda kupigana Burma na KAR, jeshi la Mwingereza, akaacha nishani kwenye sanduku, itoe. Usiivae kushoto, huko ni kwa aliyeipigania. Desturi ya Waingereza, waliompa nishani hiyo, humtaka ndugu wa marehemu aivae kulia.

Ukiona haya yote hayakutoshi na unataka sare yenyewe, kambi ya JKT ya Bulombora iko mkoani kwetu. Nafasi zikitangazwa peleka maombi. Sare utapewa, na pasi utafundishwa kabla jua halijachomoza.