Sifa za Pampu Itokwayo na Jasho

Pampu ya maji ya gari la spoti la zamani ni kifaa kisichozidi ukubwa wa nazi iliyofuliwa, na kwa haki kingetajwa kabla ya injini yenyewe. Injini hukimbia, pampu ndiyo huamua itaishia wapi. Mfano mzuri ni Datsun 240Z, gari la milango miwili lenye silinda sita kwa mstari na ujazo wa sentimita mchemraba 2,393. Gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, likarudia 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Madereva walipewa vikombe. Pampu ilipewa maji, tena ya moto.

Umbile lake si la makuu. Bodi ya aluminiamu hufungwa kwa bolti mbele ya injini. Ndani yake mna shafti iliyoshikwa na beringi. Upande wa nje shafti hubeba puli na feni, upande wa ndani hubeba impela, ambayo huyasukuma maji yazunguke baina ya injini na rejeta. Kati ya beringi na maji hukaa sili: nyuso mbili, mmoja wa kaboni na mmoja wa kauri, zinazosuguana kutwa kucha bila kugombana. Na chini ya bodi pana kitobo ambacho msumari wa inchi tatu ungekiziba. Kitobo hicho ndicho fahari ya ukoo mzima. Sili ikichoka, maji hayaingii kwenye beringi moja kwa moja, bali hutokea hapo, tone kwa tone.

Kwa hiyo pampu ina sifa ambayo viungo vingine vya gari havina: hukiri kosa kabla halijawa msiba. Hedi gasketi huungua kimyakimya. Belti hukatika bila kuaga. Pampu huacha doa sakafuni asubuhi, kisha doa kubwa zaidi wiki ya pili, kisha huanza kulia kama panya aliyebanwa mlangoni, na yote hayo ni kwa ajili ya mwenye gari. Asiyeliona doa kwa mwezi mzima ana matatizo ambayo fundi wa magari hawezi kuyatibu.

Yapo magari yaliyonyimwa neema hii. Volkswagen kobe hupozwa kwa hewa. Lilishinda Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, na dereva wake hakuwahi kuonja utamu wa kukaa kando ya barabara pale Mazeras, kitambaa mkononi, akingoja mfuniko wa rejeta ukubali kuguswa. Porsche 911 nayo ilipozwa kwa hewa hadi miaka ya mwisho ya 1990. Ni magari hodari, lakini mwenyewe hupungukiwa na mazungumzo.

Mombasa bara ndiko pampu kongwe inakopata heshima inayostahili, maana huko kila upande una mtihani wake. Likoni kuna foleni ya feri. Pampu hii huzungushwa na belti ya injini. Injini ikinguruma polepole, impela nayo huzunguka polepole, feni hupepea kama mtu anayesinzia, na jua la saa nane liko juu ya boneti. Dereva mwerevu huzima injini. Hapo maji husimama huku chuma kingali na joto, na kwa dakika chache joto la maji hupanda badala ya kushuka. Anapowasha ili asogee mita kumi, pampu hukabidhiwa deni lote kwa mkupuo. Changamwe hutahini kwa namna nyingine: gari hutoka Makupa na kuanza kupanda katikati ya malori ya makontena yanayokwenda mwendo wa harusi. Ahueni iliyopo ni ya kijiografia. Usawa wa bahari maji matupu huchemka yakifika nyuzi 100, ilhali Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu, huchemka karibu na nyuzi 95. Pwani humpa mwenye Datsun nyuzi tano za bure.

Kisauni hutahini kwa maji yenyewe. Maji ya mfereji, ambayo sehemu yake husafiri kutoka chemchemi za Mzima huko Tsavo Magharibi, yakikatika, kisima kipo, na maji ya visima vingi vya karibu na bahari yana chumvi. Yakitiwa kwenye rejeta mahali pa kolanti, chumvi huharakisha ugomvi wa kale baina ya aluminiamu na chuma, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Bodi ya pampu hutoboka vishimo nyuma ya impela, mithili ya jino bovu. Mwaka wa tatu pampu huanza kutoa jasho, na lawama humwendea Mjapani.

Ikishavuja, hoja huwa moja: ifufuliwe au inunuliwe nyingine? Kabla ya hoja hiyo kuna kazi ya kuing'oa, na hapa ndipo pampu huonyesha mapenzi yake kwa injini. Bolti za chuma zilizokaa miongo mitano ndani ya aluminiamu, katika hewa ya chumvi, hazifunguki kwa kuombwa. Fundi huzinyunyizia mafuta ya kulegeza kutu jioni, akazigongagonga vichwa asubuhi, kisha akaweka spana na kuvuta kwa pumzi iliyobanwa. Bolti inayokubali hutoa mlio mkali, kri, na mwanagenzi hucheka. Bolti inayokatika haitoi mlio. Huwa laini ghafla mkononi, kama inayofunguka vizuri kupita kiasi, na gereji nzima hunyamaza. Siku iliyobaki ni ya dirili.

Wanaopendelea pampu mpya wana sababu za kutosha. Hufungwa mchana mmoja, beringi na sili ni mpya, na iwapo haipatikani Mombasa, huagizwa kutoka maduka ya Kirinyaga Road, Nairobi, ikashuka na basi la usiku. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila si kila mgeni huja na mkono wa heri. Baadhi ya pampu za kuiga huwa na impela ya bati lililokunjwa mahali pa impela ya kusubu, na kitako cha puli kikisogea milimita chache tu, belti hutembea upande au feni huanza kuchungulia rejeta kwa karibu mno. Kwa hiyo pampu mpya haifungwi kabla ya kulazwa kando ya kuukuu na kupimwa, urefu kwa urefu. Sanduku lenye maandishi mazuri si kipimo.

Kufufua ni kazi ya utaratibu. Puli na impela huvutwa kwa puli-pula, si kwa nyundo. Shafti na beringi, ambavyo kwa kawaida ni kitu kimoja, husukumwa nje kwa mashine ya kukandamiza. Sili ya zamani hubanduliwa na bodi husafishwa mpaka rangi yake ya kweli ionekane. Beringi na sili mpya hutafutwa kwa vipimo: kuukuu hufungwa kwenye gazeti, hupelekwa dukani, na muuza spea hutoa rula yake. Mara nyingi sili inayofaa hutoka kwenye pampu ya lori, na Datsun huipokea bila kuuliza ukoo. Uso wa kaboni haushikwi kwa kidole chenye grisi. Nyundo ikitumika kuingiza shafti, beringi huanza kulia kabla ya kuvuka daraja la Nyali.

Hukumu yenyewe iko kwenye bodi. Ikiwa nzima, na tundu la beringi halijalegea, ifufuliwe. Bodi ya kiwandani hukaa mahali pake vizuri kuliko nyingi zilizokuja baadaye. Ikiwa imeliwa nyuma ya impela, inunuliwe nyingine, kwani sili mpya haifungi maji kwenye ukuta wenye mashimo. Wapo wanaoikwepa hukumu hii kwa kutia rejeta ute wa yai au bizari ya manjano. Dawa hiyo huenda ikaziba ufa mdogo wa rejeta. Kwa sili ya pampu haifai kitu, zaidi ya kuliacha gari likinukia mchuzi wa samaki foleni nzima ya feri.

Pampu ikirudishwa kwa gasketi mpya, kolanti hutiwa polepole huku mfuniko ukiwa wazi ili hewa itoke, na injini huachwa ingurume. Huenda kitobo kikatoa tone moja au mawili saa za mwanzo, kaboni na kauri zikizoeana. Fundi huweka kipande cha boksi chini ya gari, na asubuhi yake hukichungulia kabla ya chai.